Nukta Tisa za Mwinuko na Joto

Grafu ya nukta ni rahisi kuchora, na ni rahisi zaidi kuiamini kupita kiasi. Mwanafunzi wa sekondari anaikuta kwenye mtihani, afisa ugani anaonyeshwa kwenye semina, mkulima anatumiwa na mwenzake kwenye simu. Mhimili wa chini ni mwinuko kutoka usawa wa bahari, wa pembeni ni joto, nukta zinashuka kuelekea kulia, na chini kabisa kuna namba moja iliyopewa jina la r. Wengi husoma ile namba na kuziacha nukta. Mimi nakuomba uanze na nukta, moja moja, kila moja kwa jina la mji wake, ndipo uitazame namba.

Mfano wenyewe tunauishi. Ipuli ni kata ya Manispaa ya Tabora, juu ya uwanda mpana wa magharibi ya nchi, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa kuwa hakuna mlima mrefu wa kuutazama, bali miombo, mbuga na vilima vya mawe, mkazi wa hapa husahau kuwa anaishi juu. Wapagazi wa karne ya 19 hawakuweza kusahau. Misafara ilitoka Bagamoyo usawa wa maji ya bahari, ikakwea milima ya Usagara, ikakatiza Ugogo, ikafika Kazeh katika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na iliyoendelea mbele iliteremka hadi Ujiji, pwani ya Ziwa Tanganyika. Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilishika mwelekeo huohuo. Njia hiyo ni darasa zima la mwinuko na joto.

Chukua karatasi ya miraba. Kwenye mhimili wa chini weka mwinuko kwa mita, kuanzia 0 hadi 2,000. Kwenye mhimili wa pembeni weka wastani wa joto wa mwaka kwa nyuzi za Selsiasi, kuanzia 15 hadi 30. Sasa weka miji hii tisa, ambayo mwinuko wake nimeukadiria kwa hamsini iliyo karibu na joto lake kwa nyuzi kamili: Dar es Salaam mita 50 na nyuzi 26, Morogoro 500 na 25, Kigoma 800 na 24, Dodoma 1,100 na 23, Mwanza 1,150 na 23, Bukoba 1,150 na 21, Tabora 1,200 na 23, Arusha 1,400 na 20, Mbeya 1,700 na 18. Andika jina pembeni ya kila nukta. Usiruke hatua hii. Grafu isiyo na majina inakuficha mambo ambayo ungeyatambua mara moja kama ungejua nukta ipi ni ya mji upi.

Ukiinua karatasi uitazame, utaona nukta zinateremka kutoka Dar es Salaam juu kushoto hadi Mbeya chini kulia. Huo ni uhusiano hasi: kimoja kikipanda, kingine kinashuka. Ukipiga hesabu ya r kwa miji hii utapata takribani −0.92. Namba hiyo hucheza kati ya −1 na 1. Ikikaribia −1, nukta zimejipanga karibu kabisa na mstari ulionyooka unaoshuka. Ikiwa karibu na sifuri, hakuna mstari wa kunyooka unaozifaa. Kwa nukta zetu basi uhusiano ni wa nguvu.

Hapa watu huchanganya mambo mawili, na nimeona hata walimu wazuri wakiyachanganya. Nguvu ya uhusiano si sawa na ukali wa mteremko. Mstari unaopita vizuri zaidi katikati ya nukta zetu unaanza kwenye nyuzi 27.2 usawa wa bahari na kushuka nyuzi 4.7 kwa kila kilometa moja ya kupanda. Hiyo 4.7 ndiyo inayokuambia joto linapungua kwa kiasi gani. Ile −0.92 inakuambia tu nukta zimeshikamana kiasi gani na mstari. Kama tofauti zote za joto kati ya miji zingekuwa nusu ya zilivyo, mteremko ungekuwa nusu pia, lakini r ingebaki vilevile −0.92. Kwa hiyo anayekuambia "r ni kubwa, kwa hiyo joto linashuka sana ukipanda" hajajibu swali uliloliuliza. Mdai mteremko, tena mdai na vipimo vyake: nyuzi ngapi kwa mita ngapi.

Sasa fanya jambo ambalo vitabu vingi havikwambii ulifanye. Chukua kipande cha karatasi ufunike nukta zote isipokuwa zile nne za katikati: Dodoma, Mwanza, Bukoba na Tabora. Piga hesabu ya r kwa hizo nne peke yake. Jibu ni sifuri kamili. Miji ileile, vipimo vilevile, mkono uleule uliochora, na uhusiano umetoweka.

Je, mwinuko umeacha kufanya kazi kati ya Dodoma na Tabora? Hapana. Kilichotokea ni kwamba miji hiyo minne imepishana mita 100 tu. Kwa mteremko wa nyuzi 4.7 kwa kilometa, mita 100 zina thamani ya chini ya nusu nyuzi, na sisi tumekadiria joto kwa nyuzi kamili. Tofauti inayoletwa na mwinuko imezama ndani ya tofauti zinazoletwa na mambo mengine. Hili linamhusu moja kwa moja mtu wa Tabora, kwa sababu sehemu kubwa ya mkoa wetu ni tambarare. Ukikusanya vijiji ishirini vya Uyui na Sikonge ukavichorea grafu, huenda nukta zikatapakaa ovyo kama mchele uliomwagika, na mtu akasimama kutangaza kuwa "huku kwetu mwinuko hauhusiani na joto". Mjibu kwa upole kwamba grafu yake haijapanda wala kushuka vya kutosha ili iweze kusema lolote. Kabla ya kukubali r ndogo, soma mhimili wa chini: unaanzia mita ngapi na unaishia mita ngapi?

Kinyume chake nacho ni kweli. Grafu inayobeba Dar es Salaam upande mmoja na Mbeya upande wa pili ina r kubwa kwa sababu ncha zake ziko mbali sana. Ondoa miji hiyo miwili na ubaki na saba, r inarudi hadi −0.86. Hakuna udanganyifu hapo, ila ujue kuwa nukta za pembeni zina sauti kubwa kuliko za katikati, na ni vizuri kuhakikisha vipimo vyake kwanza.

Rudi kwenye Mwanza na Bukoba. Zote mbili ziko ufukweni mwa ziwa moja, Viktoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwinuko wao kwa hiyo hauna tofauti ya kuzungumzia. Hata hivyo Bukoba ni ya baridi kuliko Mwanza kwa karibu nyuzi mbili. Bukoba iko upande wa magharibi, inapokea upepo uliovuka ziwa ukijaza unyevu, mawingu yake ni mengi, na mvua yake kwa mwaka hukaribia milimita 2,000, mara mbili hivi ya ile ya Mwanza. Mawingu ya mchana huzuia jua, na ardhi iliyolowa hutumia joto kukausha maji badala ya kupasha hewa. Grafu ya mwinuko haiyaoni hayo, lakini inakuonyesha mahali pa kuyatafuta: pale nukta mbili zinaposimama wima moja juu ya nyingine, jua kuna mkono wa jambo lingine.

Ipuli nayo ina habari yake. Mstari wetu unasema mji wa mita 1,200 unatakiwa kuwa na nyuzi 21.6. Tabora ina 23. Tumezidi mstari kwa zaidi ya nyuzi moja. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wako chini ya mstari kwa nyuzi moja hivi, kwa kuwa bahari inawapunguzia makali. Kwetu ni kinyume: uwanda mpana ulio juu hupigwa na jua na kuipasha hewa ya hukohuko juu, tena tuko mbali na bahari, na kiangazi chetu ni kirefu na kikavu, kuanzia Mei hadi Oktoba. Kilele cha mlima kilichosimama peke yake kwenye mita hizohizo kingekuwa cha baridi zaidi, kwani kinazungukwa na hewa huru. Mimi huona sehemu hii ndiyo tamu kuliko zote katika grafu. Mstari unakupa kanuni ya jumla, na umbali wa nukta kutoka kwenye mstari unakupa habari za mji wenyewe. Msomaji mzuri huandika orodha ya pili: nani yuko juu ya mstari, nani yuko chini, na kwa nini.

Tuje kwenye swali la chanzo. Chukua miji mitano ya Reli ya Kati na badala ya mwinuko weka umbali wake wa reli kutoka Dar es Salaam: Dar es Salaam sifuri, Morogoro kilometa 200 hivi, Dodoma 460, Tabora 840, Kigoma 1,250. Ukisimamia Dodoma, joto linashuka kadiri treni inavyokwenda: 26, 25, 23. Mtu mwenye haraka atasema umbali kutoka baharini ndio unaoleta ubaridi. Hakosi nukta, anakosa safari nzima. Ukifika Kigoma joto limerudi 24, ingawa ndiko mbali kuliko kote. Kwa nini? Kwa sababu reli imeteremka kuelekea Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 773 tu. Umbali na mwinuko vilikuwa vikisafiri pamoja hadi uwandani. Kigoma ndiyo inayovitenganisha. Mambo mawili yanapopanda pamoja kwenye data yako, usibishane lipi lenye kosa kwa kutazama r. Tafuta mahali ambapo moja limepanda na lingine limeshuka.

Na hata hapo, grafu peke yake haikupi sababu. Sababu inatoka kwenye fizikia. Wapo wanaoshangaa: ukipanda mlima si unalikaribia jua? Jua liko umbali wa kilometa milioni 150 hivi, na kilometa mbili za kupanda si chochote mbele ya umbali huo. Hewa haipashwi sana na miale inayopita ndani yake. Inapashwa kutoka chini, na ardhi iliyopigwa na jua. Hewa yenye joto ikipanda inakuta mgandamizo mdogo, inatanuka, na kutanuka kunaipoza. Hewa kavu inayopanda hupoa karibu nyuzi 10 kwa kilometa. Yenye mvuke unaogeuka mawingu hupoa polepole zaidi. Wataalamu wa usafiri wa anga hutumia wastani wa nyuzi 6.5 kwa kilometa. Sasa unaona kwa nini 4.7 yetu isikushtue wala isikufanye useme fizikia imekosea. Sisi hatukupima hewa moja ikipanda. Tulilinganisha miji tisa yenye bahari, maziwa na nyanda tofauti.

Tofauti hiyo ina madhara makubwa ukiurefusha mstari nje ya nukta zako. Jaribu kuuvuta hadi kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Mstari wa miji yetu utakupa wastani wa karibu nyuzi sifuri. Wastani halisi wa hewa ya kule juu ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Kosa la nyuzi saba, kutoka kwenye grafu yenye r ya −0.92! Mstari ulifunzwa kati ya mita 50 na 1,700. Nje ya hapo hauna ushahidi wowote. Mtu akikuletea makisio, muulize nukta yake ya juu kabisa na ya chini kabisa ziko wapi, na ikiwa makisio yako nje yake, yachukulie kuwa ni dhana.

Kwa anayetaka kujua uhusiano ulioshikamana hasa unafananaje, kuna kipimo unachoweza kukifanya jikoni Ipuli. Chemsha maji kwenye sufuria, tumbukiza kipimajoto cha maabara bila kugusa chini ya sufuria, na usome maji yanapotokota. Hayatafika 100 kama ya Dar es Salaam. Yatasimama kwenye 96 hivi. Maji hutokota kwa nyuzi pungufu karibu moja kwa kila mita 300 unazopanda, na ndiyo maana maharage yanachukua muda zaidi hapa kuliko pwani. Ukichora grafu ya mwinuko na joto la kutokota, nukta zitalala karibu kabisa juu ya mstari, kwa kuwa kutokota kunatawaliwa na mgandamizo wa hewa peke yake, na mgandamizo unafuata mwinuko kwa uaminifu. Joto la hewa lina mabwana wengi: mawingu, upepo, maji, majani.

Kipimo hichohicho ndicho walichobeba wapelelezi Burton na Speke walipofika Kazeh Novemba 1857 na Ujiji Februari 1858. Walichemsha maji ili wajue wako mita ngapi juu. Kwa Ziwa Tanganyika walipata futi 1,850 hivi, yaani mita 560 na kitu, pungufu ya mita 200 kutoka kwenye ukweli. Piga hesabu: mita 200 ni sawa na kipimajoto kukosea kwa chini ya nyuzi moja. Uhusiano wenyewe ulikuwa imara; kifaa ndicho kilichowaangusha. r kubwa haisafishi kipimajoto kibovu, na kama kifaa chako kinakosea kwa kiasi kilekile kila mahali, r haitakuonyesha hata dalili.

Kwa hiyo angalia nukta imetoka wapi. Vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huweka vipimajoto ndani ya kibanda cheupe cha mbao chenye matundu ya kupitisha hewa, kimo cha kifua hivi juu ya majani, ili jua lisivipige moja kwa moja. Kipimajoto kilichotundikwa chini ya bati, au ukutani upande wa magharibi saa tisa alasiri, hakipimi joto la Ipuli. Kinapima joto la bati na la ukuta. Kama shule yako inataka kushiriki, kivuli cha mwembe mkubwa chenye kupitisha upepo ni mahali pazuri zaidi kuliko veranda.

Angalia na saa. Wastani wa mwaka unaficha usiku. Asubuhi tulivu ya Julai, kabla jua halijachomoza, hewa ya baridi ambayo ni nzito huteremka polepole kutoka kwenye miinuko na kutuama mbugani. Anayekwenda kwenye majaruba alfajiri anaujua ubaridi huo miguuni. Ukipima kilima, mteremko na mbuga wakati huo, unaweza kukuta chini ni baridi kuliko juu, na uhusiano umegeuka kuwa chanya. Saa nane mchana siku hiyohiyo umerudi kuwa hasi, au haupo kabisa. Grafu ambayo haikuandikwa ni joto la saa ngapi na la mwezi gani haina thamani kwako.

Kuna mtego mpya ambao nauogopa kuliko yote haya. Siku hizi mwanafunzi anafungua simu, anaandika jina la kijiji, anapata mwinuko na joto papo hapo, anachora, na r inatoka −0.99. Anafurahi. Lakini kijiji hicho hakina kipimajoto. Ramani nyingi za joto, kama ile ya WorldClim inayotumiwa na watafiti dunia nzima, hutengenezwa kwa kuchukua vituo vichache vyenye vipimo na kujaza mapengo kwa hesabu, na mwinuko wenyewe ni sehemu ya hesabu hiyo. Ukichora mwinuko dhidi ya joto lililokisiwa kwa mwinuko, hujagundua uhusiano; umerudishiwa kanuni iliyowekwa humo na mtengenezaji. Ramani hizo ni kazi nzuri kwa matumizi mengine. Kwa swali hili hazifai kuwa shahidi. Nukta zilizonyooka mno zikutie wasiwasi, maana hewa halisi ina Bukoba na Mwanza ndani yake.

Na usiache kuzitazama nukta kwa macho hata kama programu ya kompyuta imekupa jibu. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga majedwali manne yenye wastani uleule, mstari uleule na r ileile ya 0.82. Yakichorwa, moja ni nukta za kawaida zilizotapakaa kuzunguka mstari, jingine ni mkunjo, la tatu ni mstari safi wenye nukta moja iliyopotoka, na la nne nukta zake zote zimesimama wima isipokuwa moja ya pembeni inayobeba uhusiano wote.

Mkulima anaweza kuuliza hayo yote yanamsaidia nini. Twende dukani kwa muuza pembejeo. Mbegu za mahindi hapa nchini hupangwa kwa mwinuko: ukanda wa chini hadi mita 900, wa kati 900 hadi 1,500, wa juu zaidi ya 1,500. Mwinuko umewekwa kwenye mfuko kwa niaba ya joto, kwa sababu mahindi hukua haraka penye joto na polepole penye baridi. Kwa mpango huo Ipuli na Arusha ziko ukanda mmoja. Lakini tazama tena nukta zake: 23 na 20. Nyuzi tatu ndani ya ukanda mmoja, moja juu ya mstari na nyingine chini yake. Aina ileile inaweza kukomaa mapema zaidi kwetu, na kama mvua za Novemba zimechelewa, wiki hizo ndizo mavuno. Basi ukikuta kwenye mfuko idadi ya siku za kukomaa, muulize muuzaji, au afisa ugani wa kata, siku hizo zilihesabiwa kwenye shamba la mkoa gani, na joto la huko ni nyuzi ngapi.